Haidrojeni, "nishati ya kesho": maswali tunayoulizwa kila siku hapa Tanga

Mimi ni fundi wa sola na betri, kibanda changu kipo Ngamiani. Tangu redio zianze kutaja "haidrojeni ya kijani", haipiti wiki bila mtu kuegesha baiskeli yake nje na kuuliza. Wengine ni wanafunzi wa sekondari, wengine wazee wa baraza, na mmoja alikuja na mtungi mtupu wa gesi begani akitaka nimjazie. Kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeyaandika na majibu yake. Ya msingi yako juu, ya ubishi yako chini. Ukiona jibu linakuelekeza kwenye swali jingine, nenda huko, maana sirudii.

## Ya msingi

Haidrojeni ni kitu gani hasa?

Ni gesi, nyepesi kuliko zote duniani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwingereza Henry Cavendish aliitambua kama gesi ya peke yake mwaka 1766, na Mfaransa Lavoisier akaipa jina lenye maana ya "kizaa maji", kwa sababu ukiichoma inaungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Sifa zake zote zinaanzia hapo. Kuni, mkaa, petroli na gesi asilia vyote vina kaboni, kwa hiyo vikiungua vinatoa hewa ukaa. Haidrojeni haina kaboni, na ikiungua huacha mvuke wa maji.

Kwa uzito, ina nguvu ya ajabu. Kilo moja inabeba nishati ya takribani uniti 33 za umeme (kilowati-saa), sawa na lita tatu na nusu na ushee za petroli. Kasoro yake ni ujazo. Kilo hiyo moja, ukiiacha bila kuibana, inajaza chumba cha mita 3 kwa 2 chenye dari la mita 2, na bado kidogo inabaki nje. Kumbuka chumba hicho, tutakirudia kwenye swali la mtungi.

Inachimbwa wapi?

Kwa sehemu kubwa haichimbwi. Iko kila mahali ila imefungwa ndani ya vitu vingine: ndani ya maji, ndani ya gesi asilia, ndani ya mafuta, hata ndani ya mkonge. Kuitoa humo lazima utumie nishati. Ndiyo maana huwa nawaambia watu haidrojeni ni ndoo, kisima kiko kwingine. Ndoo haizalishi maji, inayabeba tu kutoka kisimani, na kisima hicho ni jua, upepo, mto au gesi asilia. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya ukurasa huu umeshajijibu.

Ipo inayopatikana ardhini ikiwa huru, lakini ni adimu. Mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha Bourakébougou nchini Mali. Mwaka 1987 watu walikuwa wakichimba kisima cha maji, maji hayakuonekana, ukatoka upepo, na upepo ule ukalipuka karibu na sigara. Kisima kikazibwa. Baadaye kilipopimwa ikaonekana ile gesi karibu yote ni haidrojeni, na kuanzia 2012 ikatumika kuwasha taa za kijiji.

Inatengenezwaje?

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuchukua gesi asilia na kuipitisha kwenye mvuke wenye joto kali sana, haidrojeni ikatoka upande mmoja na hewa ukaa upande mwingine. Kila kilo ya haidrojeni inaacha kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa pale kiwandani. Ya pili ni kupitisha umeme ndani ya maji ili yagawanyike kuwa haidrojeni na oksijeni. Hii inaitwa elektrolisisi, na si ugunduzi wa juzi, kwani Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, waliifanya mwaka 1800.

Sasa sikiliza jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Mwaka 2023 dunia ilitumia haidrojeni tani milioni 97 hivi, na karibu yote ilitoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Ile safi haikufika hata asilimia 1. Gesi yenyewe ni safi, ila ilikotoka si safi.

Na hizi rangi, kijivu, bluu, kijani, ni za nini?

Gesi haina rangi. Ni majina ya asili yake. Kijivu imetoka kwenye gesi asilia na hewa ukaa ikaachiwa. Bluu ni hiyo hiyo, ila hewa ukaa imenaswa na kuzikwa, au sehemu yake imenaswa, na hapo ndipo ubishi ulipo. Kijani imetengenezwa kwa maji na umeme wa jua, upepo au maporomoko. Nyeupe ni ile ya ardhini kama ya Mali. Zipo na nyingine, waridi, manjano, hata mimi zinanichanganya.

Ni sawa na gesi ya bajaji za Dar? Au ile biogesi ya mkonge ya Hale?

Hapana. Bajaji na magari ya Dar yanatumia gesi asilia, ambayo sehemu kubwa ni methani, inayotoka Songosongo na Mtwara. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani. Biogesi, ikiwemo ile ya mtambo wa majaribio wa mabaki ya mkonge pale Hale, ni methani pia, iliyochanganyika na hewa ukaa. Zote hizo zina kaboni.

## Maji na umeme

Bahari yote hii pale Raskazone, si tuchomeke waya tu?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na wanafunzi ndio huliuliza kwa furaha zaidi. Usichomeke. Maji ya bahari yana chumvi, na ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi unapata haidrojeni upande mmoja na klorini upande wa pili. Klorini ni sumu inayochoma mapafu. Viwanda kwanza huondoa chumvi, kisha husafisha maji mpaka yanakaribia maji ya betri.

Habari njema ni kwamba kuondoa chumvi si kazi nzito ukilinganisha na inayofuata. Kusafisha mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kunakula uniti 3 au 4. Kuyageuza maji hayo kuwa haidrojeni kunakula zaidi ya uniti 5,000. Kwa hiyo anayekwambia tatizo ni maji, mwambie atazame upande wa umeme.

Kilo moja inakula maji na umeme kiasi gani?

Maji ni lita 9 kwa hesabu ya darasani, zaidi kidogo kiwandani kwa sababu ya yale yanayopotea kwenye kusafisha. Umeme ni uniti 50 hadi 55.

Tuseme umenunua umeme wa LUKU, ukaingiza uniti 55. Unapata kilo moja ya haidrojeni yenye uniti 33. Ukitaka kuirudisha kuwa umeme unaipitisha kwenye seli ya haidrojeni, kifaa kinachounganisha gesi hiyo na oksijeni bila moto. Nayo inakupa nusu tu, uniti 16 au 17, na hapo sijatoa gharama ya kuibana. Uniti 55 zile zile ukizitia kwenye betri ya lithiamu zinarudi zaidi ya 45. Mteja mmoja alinyamaza kidogo baada ya hesabu hii, akasema, "Fundi, huo si mtambo, ni kaka yangu nikimtuma dukani."

Basi ina faida gani, kama inapoteza hivyo?

Ina faida pale betri inaposhindwa. Betri haiwezi kuwa malighafi ya mbolea. Haiwezi kuondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma ili kupata chuma, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na makaa ya mawe na ambayo Wasweden wameijaribu kwa haidrojeni tangu 2021. Betri ya kuivusha meli ya mizigo bahari kuu ingekuwa nzito kupita kiasi. Kwenye kazi hizo haidrojeni ina nafasi. Kwenye taa ya sebuleni haina.

Nina sola ya nyumbani, naweza kutengeneza yangu?

Unaweza kuona viputo. Chukua glasi ya maji, tia magadi kidogo (usitie chumvi, nimeshaeleza sababu), penseli mbili zilizochongwa ncha zote, na betri ndogo ya volti 9. Unganisha kila penseli na upande mmoja wa betri kwa waya, ncha nyingine ichovye majini. Upande hasi utaona viputo vingi, karibu mara mbili ya upande chanya. Vile vingi ni haidrojeni. Fanya dirisha likiwa wazi, tazama, zima, mwaga. Usikusanye gesi kwenye chupa wala puto. Mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni kwenye chombo kilichofungwa ni fataki, na chupa ya plastiki haikulindi.

Sola yako acha ichaji betri.

## Jikoni na barabarani

Nijazie haidrojeni kwenye mtungi wangu wa gesi.

Huyu ndiye yule bwana wa begani. Nilimtengea kigoda nikampigia hesabu, nawe naikupa.

Mtungi wa kilo 15 una nafasi ya lita kama 35 ndani. Gesi ya kupikia, ikibanwa kwa presha ya bar 8 tu, inakuwa kimiminika. Utikise mtungi, utasikia kikicheza. Kwa kuwa imekuwa kimiminika, inaingia nyingi. Haidrojeni haiwi kimiminika mpaka uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na Tanga hii hata barafu ya samaki inatushinda saa saba mchana. Kwa hiyo kwenye mtungi ule ule, kwa bar 8, zitaingia gramu zisizofika 25. Utachemsha birika mbili tatu za chai, kisha mtungi mtupu.

Ukitaka kuingiza ya maana sharti uibane bar 700, ambayo ni kama mara 300 ya upepo wa tairi la gari. Mtungi wa jikoni hautakusubiri ufike huko. Tena haidrojeni inapenya vyuma vya kawaida na kuvifanya vivunjike kama kaukau, kwa hiyo hata bomba na vali zake ni za aina yake.

Kwa hiyo haitatusaidia kupikia?

Kwa maoni yangu, hapana, na ningeshangaa ikitokea. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kazi hiyo ni ya umeme, gesi ya mtungi, biogesi na majiko banifu. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kutumia umeme huo kutengeneza haidrojeni ili uichome chini ya sufuria ni kuzunguka Muheza kwenda Pongwe wakati uko Chumbageni.

Magari na bodaboda je?

Magari yapo. Toyota ilianza kuuza Mirai huko Japani mwishoni mwa 2014, na ya sasa inabeba kilo 5 na ushee kwenye matangi ya bar 700. Ujerumani ilianza kubeba abiria kwa treni la haidrojeni 2018. Kinachokwamisha ni vituo vya kujazia, ambavyo ni ghali na vinahitaji ufundi, na wakati watu wanavisubiri magari ya betri yamepita mbele. Bodaboda ya haidrojeni sioni sababu yake, maana ya betri unaichaji hata kijiweni.

Kuna jamaa anauza kifaa cha kufanya gari litumie maji. Ni kweli?

Usitoe hela yako. Kifaa chenyewe huwa ni kopo la plastiki, vipande vya chuma na waya unaokwenda kwenye betri ya gari. Kinatoa viputo kweli, na viputo hivyo vinaungua kweli, ndiyo maana watu wanaamini. Lakini umeme wake unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, injini inakunywa petroli. Umetoka kwenye petroli, umepoteza njiani mara tatu, umerudi kwenye injini. Maji ni majivu ya haidrojeni, yameshaungua, na majivu hayawashi jiko. Rudi kwenye hesabu ya uniti 55 ukiwa na shaka.

## Usalama

Si ndiyo ile inayolipuka kama bomu?

Bomu la haidrojeni ni jambo jingine kabisa, lile ni la kinyuklia na haliwezi kutokea kwenye tangi la gesi. Hata hivyo haidrojeni inawaka, na inawaka upesi. Ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 hadi 75 inaweza kushika moto, wakati gesi ya jikoni ni kama asilimia 2 hadi 10 tu. Cheche ndogo ya nguo ya nailoni inatosha. Na moto wake mchana hauonekani, unaweza kuusogelea usijue.

Upande wa pili, inapaa. Gesi ya jikoni ikivuja inalala sakafuni ikisubiri kiberiti, haidrojeni inakimbilia juu. Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo". Hii haikai hata hiyo leo, alimradi dari liwe wazi. Chumba kisicho na upenyo juu ndicho cha kuogopa.

Wazee hutaja ndege kubwa ya puto ya Kijerumani, Hindenburg, iliyoungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937. Ilikuwa na watu 97, wakafa 35 na mfanyakazi mmoja wa chini, jumla 36. Ni msiba mkubwa, lakini wengi hawajui kuwa 62 walitoka hai.

Umewahi kuiona ikilipuka mwenyewe?

Ndiyo, na hata wewe huenda unaishi nayo bila kujua. Betri ya gari ya maji ikichajiwa sana inatoa haidrojeni. Nilipokuwa bado najifunza, tulikuwa na betri sita zimepangwa kwenye benchi, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua ya vuli. Mwenzangu alitaka kuona maji yamefika wapi, akafungua kizibo na kuwasha kiberiti. Sikuona moto. Nilisikia mlio kama ubao umepigwa sakafuni, kisha kifuniko cha betri kikawa hakipo na shati lake likaanza kutoboka vitobo vidogo vidogo vya asidi. Tulimmwagia ndoo nzima ya maji usoni kabla hajauliza chochote. Macho yake yalipona. Tangu siku hiyo mlango wangu hauna kufungwa, na kwenye kibanda tunamulika kwa tochi.

Nikiivuta ni sumu?

Si sumu, lakini ikijaa chumbani inafukuza oksijeni na unaweza kuzimia. Kwa kuwa haina harufu, viwandani hutumia vipimo vya gesi, hawategemei pua.

## Tanga na haidrojeni

Lile bomba la Chongoleani ni la haidrojeni?

Hapana. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani ni la mafuta ghafi. Mafuta yale ni mazito, yana nta, sharti yapashwe joto njiani yasigande. Na usifikirie litabadilishwa siku moja lipitishe haidrojeni. Sababu nimeigusa kwenye swali la mtungi.

Basi sisi tungeitumia wapi?

Kwenye mbolea, na hapa niruhusu niseme kwa kirefu maana ndipo moyo wangu ulipo.

Mbolea za chumvichumvi zenye naitrojeni, kama urea, zinaanza na amonia, yaani naitrojeni ya hewani iliyounganishwa na haidrojeni. Njia hiyo iliasisiwa na Fritz Haber, Carl Bosch akaikuza, na kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Wazee wa hapa wanakumbuka kiwanda chetu cha mbolea cha miaka ya 1970. Malighafi yake, amonia ikiwemo, ililetwa kwa meli. Tulikuwa na kiwanda, haidrojeni tukawa tunainunua ng'ambo.

Afrika imeshatengeneza mbolea kwa maji na umeme, kabla hata neno "kijani" halijaanza kuvuma. Kiwanda cha KIMA pale Aswan, Misri, kilianza 1960 kwa umeme wa bwawa la Aswan. Zimbabwe, kiwanda cha Sable cha Kwekwe kiligawanya maji kwa umeme kwa miongo kadhaa, mpaka katikati ya miaka ya 2010 nchi ilipoishiwa umeme na mitambo hiyo ikazimwa. Walioua kazi si wataalamu wala maji. Ni umeme.

Tujipime. Tani moja ya amonia inataka uniti 10,000 hivi. Kituo cha umeme wa maji cha Hale kwenye mto Pangani ni megawati 21. Kikikimbia saa 24 kwa nguvu zote, bila kumpa mtu hata taa moja, kingetoa amonia kama tani 50 kwa siku. Hizo ni sawa na mifuko 1,800 hivi ya urea ya kilo 50. Kwa mkulima wa Lushoto au Korogwe si haba. Lakini umeme wa Hale una wenyewe tayari, na urea inahitaji pia hewa ukaa, ambayo ingebidi inaswe, pengine kwenye matanuri ya saruji ya Pongwe, kwa gharama yake. Kwa hiyo swali la Tanga ni megawati mpya zitatoka wapi, na mbolea hiyo itamfikia mkulima kwa bei gani ukilinganisha na ya melini. Akija mtu na mradi, muulize hayo mawili kwanza.

Amonia si hatari kwa wanaokaa karibu na bandari?

Ni hatari, nayo, tofauti na haidrojeni, ni sumu. Ila harufu yake inakutoa mbio mapema. Inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, ndiyo maana ni rahisi kuisafirisha kuliko haidrojeni, na meli zimeshaizoea miaka mingi.

Mwanangu asome nini?

Umeme wa viwandani, uchomeleaji wa mabomba ya presha, kemia. Ufundi huo unalipa hata haidrojeni isipokuja.

## Maswali ya pembeni

Ile gesi ya Rukwa ni hii?

Ile ni heliamu. Nayo ni nyepesi, lakini haiwaki kabisa.

Maji yanayotoka kwenye seli ya haidrojeni yananyweka?

Wanaanga wa Apollo waliyanywa. Hayana chumvi wala madini, kwa hiyo yamepooza. Mimi nitaendelea na madafu.

Haidrojeni ikivuja haina madhara kwa hali ya hewa?

Yenyewe si hewa ukaa, ila ikipaa inachelewesha methani kuisha angani, hivyo inaongeza joto kwa mlango wa nyuma. Na ukiichoma kwa moto wa kawaida, joto kali linaunguza naitrojeni ya hewani na kutoa moshi usioonekana unaoudhi kifua. Seli haina tatizo hilo la pili.

Kwa hiyo nyumbani kwangu haijafika hata tone?

Imefika zamani. Soma kopo la mafuta ya mgando ya kupikia. Baadhi ya aina hiyo ni mafuta ya mimea yaliyopitishiwa haidrojeni kiwandani ili yagande. Ukikaanga mihogo leo jioni, huenda utakuwa unaitumia.